UZI: Unayeanza kutumia barua pepe, jifunze kusoma bahasha kabla ya kujifunza kutuma

Kalamu ya Mkaa (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na watu wazima wanaoanza kutumia barua pepe: wazazi, mafundi, wastaafu, vijana wanaoomba kazi kwa mara ya kwanza. Karibu wote huja na ombi moja, "nionyeshe namna ya kutuma." Kutuma ni kazi ya dakika kumi. Linalowaumiza baadaye ni jambo ambalo hakuna aliyewaambia: anwani ya barua pepe ndiyo msumari unaotundikwa funguo zote za nyumba. Ukisahau nenosiri la benki, la mitandao ya kijamii, la tovuti unayoombea kazi, unabonyeza "nimesahau nenosiri", na linki ya kuweka jipya inatumwa huko huko kwenye barua pepe. Aliyeingia humo hana haja ya kuvunja mlango mwingine.

Kilichonisukuma kuandika ni shangazi yangu. Alipoteza akaunti aliyoitumia miaka tisa, na wala hakuibiwa. Alibadilisha simu, akasahau nenosiri, na namba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kurejesha akaunti ilikuwa ya laini aliyoiacha zamani. Picha za wajukuu, vyeti alivyoskani, barua za watu ambao wengine wameshatangulia mbele za haki, vyote vikabaki upande wa pili wa mlango. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani hawajui kuwa ni mimi?" Hawajui. Mashine inajua nenosiri na namba ya simu, basi. Swali lake halijanitoka kichwani mpaka leo.

Kwa hiyo naanza na yale ambayo shangazi angepaswa kuambiwa siku ya kwanza.

Ukifungua akaunti, kabla hujamwandikia mtu yeyote, ingia kwenye mipangilio uweke namba ya simu unayoitumia sasa na anwani nyingine ya kurejeshea akaunti, ya kwako au ya mtu unayemwamini kabisa. Siku utakayobadilisha laini, rudi hapo kabla laini ya zamani haijazimwa. Ukiweza, washa pia uthibitishaji wa hatua mbili: hata mtu akilijua nenosiri lako, bado ataombwa namba inayokuja kwenye simu yako. Mfumo ukikupa misimbo ya akiba, iandike kwenye karatasi uihifadhi, maana simu hupotea. Na ile namba ya mara moja inayokuja kwa ujumbe hasomewi mtu. Akipiga anayejiita mhudumu akakuomba umsomee, mwizi ndiye huyo.

Nenosiri liwe refu. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanakumbukwa kwa urahisi kuliko Jina123 na ni magumu zaidi kukisia. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilitilia mkazo urefu wa nenosiri, ikashauri watu wasilazimishwe kulibadilisha kila baada ya muda bila sababu, kwa kuwa mtu akilazimishwa huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni. La muhimu kuliko yote, nenosiri la barua pepe lisitumike popote pengine. Tovuti ndogo uliyojisajili ukaisahau ikidukuliwa, wezi huchukua ile jozi ya anwani na nenosiri na kuijaribu kwenye huduma nyingine, na hilo hufanywa na programu, usiku na mchana. Na ukitaka kuliandika kwenye daftari la ndani, andika.

Sasa tuje kwenye bahasha, na hapa naomba msome taratibu.

Anwani ina pande mbili. Kushoto kwa @ ni nani, kulia ni wapi. Alama hiyo aliichagua mhandisi Ray Tomlinson mwaka 1971, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti. Alitaka alama isiyopatikana ndani ya majina ya watu. Ukiangalia kikasha chako, huoni anwani kwanza, unaona jina. Jina hilo ameliandika mtumaji mwenyewe, na anaweza kuandika lolote: jina la benki yako, la bosi wako, hata lako wewe. Kwenye simu, gusa jina hilo anwani yenyewe ijitokeze, halafu usome upande wa kulia ukianzia mwisho kurudi nyuma. Tuseme kampuni inatumia example.com. Basi msaada@example.com ni ya kwao, na msaada@malipo.example.com ni ya kwao pia. Lakini msaada@example.com.jina-jingine.net si ya kwao hata kidogo, ni ya mwenye jina-jingine.net, ambaye amelitanguliza jina la kampuni ili jicho litulie hapo. Ambapo mwisho una vipande viwili, kama .co.uk, unarudi kipande kimoja zaidi. Linki nazo husomwa hivyo hivyo: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma kuanzia hapo.

Lakini hata anwani ikiwa sahihi, usimalize hapo. Kanuni za kusafirisha barua pepe, SMTP, zilipochapishwa mwaka 1982, hazikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba mtumaji ndiye anayejitaja. Baadaye kukaongezwa ukaguzi unaojulikana kwa vifupi vya SPF, DKIM na DMARC, na huduma kubwa huutumia kuchuja. Ukaguzi huo unathibitisha barua imetoka kwenye kikoa kinachotajwa, yaani lile jina la kulia kwa @. Hauthibitishi kuwa mwenye kikoa ni mwaminifu. Tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe anaupita vizuri tu.

Hata barua iliyotoka kweli kwa mtu unayemfahamu inaweza kukuumiza. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa siku chache kikiwa kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kompyuta nyingi za Windows zilificha herufi za mwisho, watu wakaona .TXT wakadhani ni maandishi ya kawaida, kumbe ni programu. Ukikifungua kinajituma kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya mawasiliano. Kila aliyepokea aliona jina la rafiki au mfanyakazi mwenzake. Kiambatisho usichokitegemea, hata kimetoka kwa ndugu, muulize kwa simu kwanza.

Naishia hapa kwa leo. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

Mgeni wa Jana

Ahsante mkuu. Nina swali la mwanzo kabisa. Naona sehemu ya "Kwa", halafu CC na BCC. Mimi huwa naweka watu wote kwenye "Kwa". Nakosea?

Kalamu ya Mkaa

Hujakosea ikiwa wote wanafahamiana na wote unawategemea wajibu. "Kwa" ni yule unayesema naye. CC ni nakala ya anayetakiwa kujua tu. BCC ni nakala fiche: anapokea, lakini wenzake hawamwoni. Ukiwaandikia watu hamsini wasiojuana, tangazo la kikao kwa mfano, waweke BCC. Ukiwaweka "Kwa", umegawa anwani za watu hamsini bila ruhusa yao, na akaunti moja tu kati ya hizo ikidukuliwa, mwizi anazipata zote.

Tofautisha pia "Jibu" na "Jibu wote". Soma orodha ya majina juu kabla ya kubonyeza. Nimeona mtu akimweleza mkuu wake habari za ugonjwa wake, ikaenda idara nzima. Baadhi ya huduma hukupa sekunde chache za kutengua ulichotuma. Gmail inakuruhusu kuzifikisha 30 kwenye mipangilio, nami huwa nazifikisha kwa kila ninayemfundisha.

Bibi Mstaafu

Mwanangu, nimesoma nimeelewa, Mungu akubariki. Ila hilo la kuandika nenosiri kwenye daftari limenishangaza. Mjukuu wangu aliniambia ni kosa kubwa.

Kalamu ya Mkaa

Shikamoo mama. Mjukuu amefundishwa hivyo, na ofisini ana haki: karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta inasomwa na kila apitaye. Lakini aliye mbali anayejaribu manenosiri kwa programu hawezi kufungua kabati lako la nguo. Kwa mtu anayeishi na watu anaowaamini, daftari ndani ya kabati ni salama kuliko nenosiri fupi linalotumika kila mahali kwa sababu ndilo pekee analolikumbuka.

Nuru ya Kibatari

Samahani mleta mada, hapo naomba tutofautiane kidogo. Umesema "watu anaowaamini". Nimefanya kazi na wanawake ambao anayewasumbua wanaishi naye nyumba moja. Kwao daftari ni hatari. Wanachohitaji ni programu ya kutunza manenosiri, yenye nenosiri kuu moja walilolishika kichwani. Pia waangalie kwenye mipangilio ya usalama vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Wengi wamekuta simu ya mwenza imo, inasoma kila kitu.

Kalamu ya Mkaa

Nakubali, na nashukuru umelisema, sikulifikiria. Ukurasa wa vifaa afungue kila mtu hata kama hana wasiwasi. Kifaa usichokitambua, kiondoe, halafu badilisha nenosiri. Wewe unayeishi na mtu wa namna hiyo, tahadhari moja: huduma nyingi zikiona mabadiliko hutuma taarifa kwenye vifaa vingine, kwa hiyo mwenzako anaweza kujua. Pima usalama wako kwanza, na ikiwezekana fungua anwani mpya kwenye kifaa asichokigusa.

Seremala wa Kona

Wakuu, mimi ni fundi samani, barua pepe naitumia kutuma makadirio ya bei. Maswali mawili. Kuna mtu ana anwani kama yangu kabisa ila yake haina nukta katikati, barua zake zinanijia. Amenidukua? La pili, siku hizi wateja wananiambia wamenijibu lakini sioni kitu.

Kalamu ya Mkaa

Kama unatumia Gmail, nukta katika sehemu ya jina hazihesabiki. Yenye nukta na isiyo na nukta ni anwani moja, na ni yako. Mwenye barua hizo yaelekea ana anwani inayofanana na yako na amekosea kuiandika mahali. Usifungue linki zilizomo wala usijaribu kuingia kwenye akaunti zake.

La pili, anza na folda ya Barua taka. Barua za halali huangukia humo, na Gmail huzifuta baada ya siku 30. Ukiikuta, iweke alama kuwa si taka, mfumo utajifunza. Usipoiona, nitafutie kwenye kompyuta, maana programu ya simu mara nyingi haionyeshi sehemu hii: fungua mipangilio, angalia vichujio, yaani maagizo ya nini kifanywe na barua zinapoingia, angalia na usambazaji, yaani kutumwa kwa barua zako kwenye anwani nyingine. Uniambie umekuta nini.

Mgeni wa Jana

Na mafaili makubwa? Nilituma picha zenye MB 20 ikakataa, wakati wanasema mwisho ni 25.

Kalamu ya Mkaa

Barua pepe iliundwa kubeba herufi. Faili lako hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kwa kugeuzwa huko linaongezeka takriban theluthi moja. MB 20 zinakaribia 27. Pakia kwenye hifadhi ya mtandaoni utume linki, na hakikisha ruhusa umempa mhusika tu, usiiache wazi kwa yeyote mwenye linki.

Mizani ya Hesabu

Niongeze tukio moja, nimefanya uhasibu muda mrefu. Tulikuwa tunaandikiana na muuzaji wetu kuhusu ankara kwa wiki mbili. Siku moja ikaja barua ndani ya mazungumzo yale yale, chini yake yapo maneno yetu yote ya nyuma, lugha yake ile ile, salamu zake zile zile: "Tumebadilisha akaunti ya benki, malipo yaelekezwe hapa." Kiasi cha ankara kilikuwa sahihi mpaka senti. Mwenzangu akalipa. Muuzaji hakuwa ameandika barua ile. Kuna mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti yake, akasoma kimya kimya, akasubiri ankara itoke. Fedha hazikurudi, na mwenzangu aliyelipa alikuwa mtu makini kuliko mimi.

Tangu siku ile, akaunti ya malipo ikibadilika napiga simu. Na sipigi namba iliyo kwenye barua hiyo. Napiga namba niliyokuwa nayo kabla.

Kalamu ya Mkaa

Namba uliyokuwa nayo kabla. Wanaosoma uzi huu wakiondoka na hilo peke yake nitashukuru.

Na mwone, hapo kusoma bahasha kusingesaidia. Anwani ilikuwa halisi, mazungumzo halisi. Barua za kitapeli nyingi zinakukimbiza: akaunti itafungwa leo, mzigo wako umezuiliwa, umeshinda. Hii ya muuzaji haina haraka yoyote. Inaomba kitu kimoja tu, fedha ziende njia mpya. Ndiyo maana ombi lolote la kugeuza mkondo wa fedha, au la kutuma nenosiri au nakala ya kitambulisho, huthibitishwa nje ya barua pepe. Mtu mwema hatachukia ukimpigia.

Bibi Mstaafu

Mwanangu, hizi barua za matangazo zinanijaa. Chini kuna sehemu ya kujiondoa. Nibonyeze?

Kalamu ya Mkaa

Kama ni duka au jarida ulilojiandikisha mwenyewe, jiondoe bila wasiwasi. Kama humjui aliyeandika, usibonyeze chochote wala usimjibu, kwa kuwa jibu lako linamwambia anwani hii ina mtu anayeisoma. Iripoti kuwa taka. Zima pia picha zisijifungue zenyewe: mara nyingi ndani ya barua kuna kapicha kadogo kasikoonekana, na kikipakuliwa mtumaji anajua saa uliyoifungua. Usione ni wewe peke yako unayesumbuliwa mama, tangazo la kwanza la namna hii lilitumwa kwa watu kama 400 mwaka 1978, na halijakoma.

Mgeni wa Jana

Naomba na kidogo kuhusu kuandika. Nimeomba kazi nyingi, sijibiwi.

Kalamu ya Mkaa

Siwezi kusema ni kwa nini hawajibu, lakini sehemu ya mada naikuta tupu kwa wengi, au imeandikwa "Habari". Andika "Maombi ya nafasi ya mtunza stoo" na jina lako kamili. Katika barua, sentensi ya kwanza iseme unaomba nini. Taja viambatisho kwa majina, na faili lenyewe liitwe kwa jina lako, lisiwe "scan0003". Ambatisha kwanza, andika barua, na anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho kabisa kujazwa. Ukifuata mpangilio huo, barua haiwezi kuondoka kabla haijakamilika. Kama unatumia kompyuta ya kulipia au ya kuazima, fungua dirisha la faragha, kataa kivinjari kisikuhifadhie nenosiri, utoke kwenye akaunti kabla hujainuka. Na kila PDF uliyopakua humo, ifute. Vitambulisho vya watu vimejaa kwenye kompyuta za namna hiyo.

Seremala wa Kona

Mkuu nimerudi. Nimeingia kwa kompyuta ya dogo. Barua taka hamna kitu. Kwenye vichujio kuna kimoja ambacho sijakiweka mimi. Kinasema barua yoyote yenye neno "malipo" au "akaunti" itumwe kwenye anwani fulani nisiyoijua, halafu iende kwenye Tupio. Nifanyeje? Mikono inatetemeka.

Kalamu ya Mkaa

Tulia kaka, fuata hivi na usiruke.

Piga picha ya hicho kichujio kabla hujakigusa, huo ni ushahidi. Kisha badilisha nenosiri hapo hapo kwenye kompyuta hiyo, usilibadilishie kwenye simu yako mpaka tujue kama ni safi. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Sasa futa kichujio, halafu nenda sehemu ya usambazaji ufute na huko kama kuna anwani. Wengi hubadilisha nenosiri wakaacha kichujio, na mwizi anaendelea kupokea barua zao bila kuhitaji kuingia tena. Angalia namba na anwani ya kurejesha akaunti, asije akawa ameweka za kwake. Angalia programu zilizopewa ruhusa, ondoa usizozijua. Washa hatua mbili.

Halafu fungua Tupio na folda ya Zilizotumwa, usome barua zote za mwezi huu.

Mizani ya Hesabu

Na usisubiri kumaliza hayo yote ndipo uwaambie wateja. Wapigie sasa hivi, kwa simu. Usiwaandikie.

Seremala wa Kona

Nimefuta, nimebadilisha, hatua mbili imewaka. Namba ya kurejesha ilikuwa bado yangu. Kwenye Tupio nimekuta majibu ya wateja wanne.

Nimempigia wa kwanza, yule wa vitanda vya shule. Ameniambia kesho asubuhi anatuma malipo kwenye ile akaunti mpya niliyompa Jumatatu.

Mimi sijampa akaunti yoyote. Nampigia wa pili.